Stesheni Mpya Viungani: Mambo ya Kushauriana Kabla ya Msingi Kuchimbwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiulizana barazani na sokoni: stesheni ya gari la moshi ijengwapo katika viunga vya mji, ni nani aamuaye mahali pake, na sisi wakaaji tuna neno gani katika shauri hilo? Tutalijibu tangu mwanzo, ili asiyeweza kukaa hata mwisho aende na jibu lake. Mahali pa stesheni huamuliwa mapema mno, katika ramani na hesabu, pengine miaka kadhaa kabla ya mtu wa kwanza kushika sururu. Mwenye neno na aliseme wakati huo. Akingoja mpaka aone mchanga na kokoto vimemwagwa, neno lake litahesabiwa kuwa malalamiko tu, hata likiwa la haki.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi stesheni za zamani zilivyowekwa. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Waliopima njia ile hawakuuliza watu wanakaa wapi. Waliuliza injini itapata wapi maji na kuni, na treni mbili zikikutana zitapishana wapi. Injini ya mvuke ina kiu kubwa, haiwezi kwenda mbali bila kunyweshwa, na kwa sababu hiyo vituo vingi vilisimamishwa nyikani, penye kisima au kijito, pasipo hata nyumba moja karibu. Nairobi yenyewe ni mtoto wa desturi hiyo. Jina lake latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi, na pale uwandani pakachaguliwa pawe bohari na karakana kabla ya reli kupanda milima na kushuka katika Bonde la Ufa. Mji ukaota pembeni mwa karakana. Zikajengwa landhi za wafanyakazi, na Muthurwa na Makongeni zikawa mitaa ya watu wa reli.

Zamani, basi, stesheni ilitangulia na watu wakaifuata. Siku hizi watu wametangulia kwa maelfu, na stesheni ndiyo inayowafuata. Injini ya dizeli haina haja ya kisima kila baada ya maili chache. Mwenye haja ya kupimiwa umbali sasa ni mtu atokaye nyumbani alfajiri kwa miguu, na arudiye jioni amechoka. Twaona kwamba makosa mengi ya kupanga stesheni za viungani hutokana na kusahau mageuzi haya, yaani kuendelea kumpimia injini badala ya kumpimia mtu.

Mfano ulio karibu nasi ni Syokimau, kusini-mashariki ya Nairobi. Stesheni hiyo ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 13 Novemba 2012, siku chache tu baada ya yeye huyo huyo kuifungua barabara kuu mpya ya Thika. Zikafuata stesheni za Makadara na Imara Daima katika njia hiyo hiyo. Jina la Syokimau ni la mwanamke mtabiri wa Wakamba wa kale, ambaye yasimuliwa kwamba aliona katika njozi nyoka mrefu akitambaa kutoka baharini akikata nchi, na wageni waliobeba moto mifukoni mwao. Wazee wa Wakikuyu husimulia habari kama hiyo juu ya Mugo wa Kibiru. Twalitaja jambo hili kwa sababu ni nadra katika nchi hii kituo cha reli kupewa jina la mtu aliyeijua reli kabla haijaja, na twaona waliolichagua jina hilo walifanya vyema.

Stesheni ya Syokimau iliwekewa uwanja wa kuegeshea motokaa, ili mwenye gari aliache pale aingie mjini kwa treni. Shauri hilo lafaa mahali palipo mbali, penye nyumba zilizotawanyika. Lakini wanachama wasidhani kwamba kila stesheni ya viungani yapaswa kuwa hivyo. Tufanye hesabu. Motokaa moja, pamoja na njia yake ya kuingilia na kugeukia, hula mita za mraba 25 hivi. Magari 100 ni mita za mraba 2,500, nayo huleta abiria 100, au 150 kama wenye magari ni wakarimu. Hao hawajazi mabehewa mawili. Na ardhi iliyoliwa ni ile iliyo karibu kabisa na jukwaa, ambayo ndiyo ya thamani kuliko yote. Kwa maoni yetu, katika mtaa uliosongamana watu, ardhi hiyo ipewe kwanza waendao kwa miguu, kisha baiskeli, kisha stendi ya matatu, kisha wauzaji, na motokaa zingojee zamu yao.

Sasa tuje kwenye miguu yenyewe. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 80 hivi kwa dakika. Kwa dakika 10 amekwenda mita 800. Mkichora duara lenye stesheni katikati, na mita 800 kila upande, mtapata eneo la kilomita za mraba 2. Hao ndio watu wa stesheni hiyo, kwa maana ya karatasi. Lakini watu hawatembei juu ya karatasi. Kuna ukuta wa kiwanda, kuna mto, kuna shamba la mtu lenye mbwa, na zaidi ya yote kuna reli yenyewe, ambayo hugawa mtaa kama kisu. Ikiwa mlango wa stesheni ni mmoja tu, upande mmoja wa njia, basi nusu ya duara imekufa siku ya kwanza. Mama akaaye hatua mia moja kutoka jukwaani, ng'ambo ya pili, anaweza kulazimika kutembea kilomita nzima mpaka penye daraja na kurudi. Hatatembea. Ataruka reli, akiwa na mtoto mgongoni, na siku moja treni itamkuta.

Kwa hiyo tukiulizwa ni jambo gani moja la kulishikilia mbele ya wahandisi hata wakichoka na sisi, tutasema ni hili: milango iwe pande zote mbili, na njia ya kuvukia iwe salama, iwe ni daraja au njia ya chini, tena iwepo siku ile ile stesheni inapofunguliwa. Daraja huahidiwa sana kuwa litakuja katika awamu ya pili. Awamu ya pili, ndugu zetu, ni mgeni asiyejulikana atafika lini. Na daraja lenye ngazi tupu si daraja la wote. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pa umma na vyombo vya usafiri wa umma. Mteremko mzuri humfaa yeye, na humfaa pia mzee, na mama mja mzito, na mchuuzi mwenye gunia la sukumawiki.

Ujenzi wenyewe hatutauzungumza sana, maana ni kazi ya mafundi. Tutataja tu mambo machache ambayo asiye fundi aweza kuyaona kwa macho. Jukwaa litakiwe penye njia iliyonyooka, kwa kuwa penye kona pengo baina ya behewa na jukwaa hupanuka, na mwenye kusimamia milango hawezi kuona treni nzima. Pawe tambarare, ili treni isipate taabu kusimama na kuondoka. Kimo cha jukwaa kilingane na sakafu ya behewa, na urefu wake utoshe treni itakayokuja baadaye, ikiwa ndefu kuliko ya leo. Tena kuna habari ya udongo. Nyanda za Embakasi na Syokimau zina ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Asiyeuchimba akauondoa na kujaza mawe na changarawe ataona kuta zake zikipasuka kabla rangi haijachujuka. Mitaro ya maji ya mvua nayo itazamwe, kwani maji yakizuiwa na tuta la reli hayatoweki, bali huingia katika nyumba zilizo chini.

Kuna jambo moja la ufundi, hata hivyo, ambalo twaomba kila mwanachama alielewe, kwa sababu ndilo liamualo kama stesheni itakuwa hai au itakuwa sanamu. Sehemu kubwa ya reli ya zamani inayozunguka Nairobi, ile yenye upana wa mita 1, ni njia moja tu. Treni iendayo mjini na ile itokayo mjini hutumia vyuma vile vile, nazo haziwezi kupishana ila mahali palipotandikwa njia ya pili ya kando. Tuseme kutoka mahali pa kupishana hadi pengine ni mwendo wa dakika 12. Treni ya kwanza yapita kwa dakika 12, ile inayongoja yarudi kwa dakika 12, na ziongezwe dakika chache za ishara na tahadhari. Nusu saa imekwisha. Basi njia hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya treni mbili kwa saa kila upande, hata ununue injini nzuri namna gani. Lakini ukiweka mahali pa kupishana katikati, muda ule hukatwa nusu, na treni zaweza kukaribia kuwa nne kwa saa.

Mwaona basi kwamba stesheni mpya ni nafasi ya bahati. Ikiwa wapangaji watakubali kutandika pale njia ya pili ya kupishana, na jukwaa la pili, stesheni hiyo itaifaa reli nzima. Ikiwa hawana fedha za kutandika sasa, basi angalau ukanda wa ardhi uachwe wazi, wala pasijengwe choo wala ofisi wala duka juu yake. Ardhi ikishajengwa, kuirudisha ni vita.

Pia twapaswa kusema kweli juu ya upande wa pili wa shauri hili, ingawa hautapendeza. Kila stesheni inayoongezwa huchelewesha treni. Kupunguza mwendo, kusimama, kushusha na kupakia, na kushika mwendo tena, ni dakika 2 hivi. Ikiwa treni ina abiria 600 waliotoka mbali, dakika 2 za kila mmoja ni dakika 1,200, yaani saa 20 za watu, tena kwa safari moja tu. Basi mtaa unapodai stesheni yake, wawaomba majirani wa mbali wautolee muda huo. Ikiwa watakaopanda hapo ni wengi, deni limelipwa. Ikiwa ni kumi na wawili, na stesheni nyingine iko umbali wa mita 900, ni afadhali kuomba njia nzuri ya miguu yenye taa mpaka kwenye stesheni hiyo. Tumesikia watu wakidai kituo kwa sababu mtaa wa jirani una chake. Hiyo ni sababu ya harusi, si sababu ya reli.

Sasa twafika penye uchungu. Ukanda wa reli katika viunga vya mji hauko mtupu. Watu wanakaa humo, wanauza humo, na watoto wamezaliwa humo. Serikali yasema, na kwa haki ya hati, kwamba ardhi ni ya reli. Mkaaji naye asema kwamba ameishi hapo miaka ishirini bila mtu kumwuliza. Huko Kibera na Mukuru, Shirika la Reli la Kenya, kwa msaada wa Benki ya Dunia, lilihesabu watu waliokuwa ndani ya ukanda huo na kuwajengea nyumba na vibanda vya biashara pembezoni mwa njia. Kazi ile ilikwenda polepole, nayo ilikuwa na manung'uniko yake, lakini yatuonyesha kwamba jambo hili laweza kufanywa kwa hesabu badala ya kufanywa kwa tingatinga usiku. Kifungu cha 40 cha Katiba chataka mwenye mali alipwe fidia ya haki kwa ukamilifu na bila kukawia ardhi yake inapotwaliwa kwa faida ya umma. Tena chatoa nafasi ya kulipwa hata kwa mtu aliyekaa mahali kwa nia njema bila hati. Wengi hawalijui neno hilo la mwisho. Twaomba kila mwakilishi wa mtaa alijue, na alieleze kwa lugha ya nyumbani.

Hatusemi kwamba mtu asihamishwe kamwe. Reli bila nafasi ni hatari, na nyumba iliyo mita 3 kutoka kwenye mataruma si nyumba ya kulelea mtoto. Twasema kwamba hesabu itangulie, majina yaandikwe mbele ya majirani ili wageni wa dakika ya mwisho wasijipenyeze, na mahali pa kwenda pajulikane kabla ya tarehe ya kuondoka kutangazwa. Muuza maandazi wa penye reli ana wateja kwa sababu yupo penye reli. Ukimpeleka kilomita 5 kutoka hapo, hata ukimpa kibanda cha mawe, umemfukarisha. Vibanda viwe ndani ya mpango wa stesheni tangu mchoro wa kwanza, penye njia ya abiria, vikiwa na maji na mahali pa taka. Stesheni yenye wauzaji ni stesheni yenye macho, na penye macho mwizi hana raha.

Juu ya nauli tutasema neno moja. Kibarua hahesabu nauli ya treni, huhesabu nauli ya safari nzima. Ikiwa atapanda matatu kutoka nyumbani hadi stesheni, kisha treni, kisha matatu nyingine kutoka stesheni ya mjini hadi kazini, treni inaweza kuwa rahisi na safari ikawa ghali. Ndiyo maana twarudi kila mara kwenye miguu. Somo la namna hiyo lilionekana pia kwa reli mpya. Treni ya Mombasa iliyoanza mwaka 2017 yatumia njia yenye upana wa milimita 1,435, nayo yaishia katika stesheni yake ya Nairobi kando ya Syokimau, wala haifiki katikati ya mji. Abiria hana budi kushuka na kuingia treni nyingine ya njia ya zamani. Nyakati za treni hizo mbili zikipatana, ni jambo la dakika chache. Zisipopatana, abiria hukaa na mizigo yake akimtazama dereva wa teksi, naye dereva wa teksi akimtazama yeye. Mwezi wa Novemba 2020 huduma za treni za viungani mwa Nairobi zilifufuliwa kwa mabehewa yenye injini zake yenyewe, yaliyonunuliwa kutoka Uhispania. Faida ya mabehewa hayo ni kwamba yana kiti cha dereva mwanzo na mwisho, hivyo hayahitaji kuzungusha injini yanapofika mwisho wa njia. Hizo nazo ni dakika zilizookolewa, na dakika hizo ndizo zipasazo kupewa mtu wa Githurai au wa Donholm.

Mwatuuliza, basi, tufanye nini? Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yataka kazi kubwa kama hizi zifanyiwe uchunguzi wa athari zake, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Nafasi hiyo hutangazwa, ila tangazo lenyewe mara nyingi husomwa na wachache. Na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yamruhusu raia kuomba mchoro na mpango katika ofisi ya umma. Aendaye kuomba na aende na barua iliyoandikwa, abaki na nakala yenye muhuri.

Lakini maoni pasipo hesabu hayana uzito mbele ya wahandisi, nasi hatutaki kwenda mikono mitupu. Halmashauri imependekeza kwamba wanachama 12 wajitolee kwa asubuhi tatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3. Wawili wawili watasimama katika vivuko sita vya reli mtaani mwetu, wakihesabu waendao kwa miguu, wenye baiskeli, wanafunzi, na wenye mizigo, kila robo saa katika safu yake. Wengine wanne, wawe vijana kwa wazee, watatembea na saa mkononi kutoka misikitini, makanisani, shuleni na sokoni mpaka mahali panapotajwa kuwa pa stesheni, wakiandika dakika, na kila ukuta au mtaro uliowazungusha. Katika wale wanne tungependa awepo mmoja anayetembea kwa mkongojo, maana saa yake ndiyo itakayotuonyesha mengi. Karatasi za kuandikia ziko kwa Katibu, pamoja na kalamu. Wenye viatu vya mvua waje navyo, kwa sababu kivuko cha chini kimejaa maji tangu wiki iliyopita. Majina yataanza kuandikwa mara baada ya chai.